Mzee Aliyeacha Kunywa Maji: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Tandahimba

Familia ilituita ikisema mzee wao amechanganyikiwa. Ilikuwa Novemba, wakati ambao Tandahimba nzima, wilaya yetu ya mkoani Mtwara, akili ipo kwenye korosho. Mzee huyo, mwenye umri wa miaka 76, kwa siku kadhaa alikuwa akiita watu waliokwisha kufa, akiamka usiku kutafuta mizani, na akimfukuza mke wa mwanawe kila anapomkaribia. Majirani wengine walishaamua kwamba ni uzee umempanda kichwani. Wengine walikuwa wananong'ona yale mambo ambayo huku kusini kila mtu anayajua na hakuna anayeyataja mbele ya muuguzi.

Mimi ni muuguzi, na sehemu ya kazi yangu ni kuwatembelea wagonjwa majumbani. Kisa hiki nakieleza kwa ridhaa ya familia na ya mzee mwenyewe, majina na kijiji nimeviacha. Nakieleza kwa sababu ya jambo moja. Mzee anapokataa maji, chakula, dawa au kuogeshwa, tunakimbilia kuuliza anaumwa nini. Ingefaa tuanze kwa kuuliza anaona haya ya nini, na mbele ya nani. Katika nyumba hii swali hilo lilichelewa zaidi ya mwezi mzima, na nusura limuue.

Hali yake kabla ya hapo

Mzee alikuwa karani wa chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa korosho, kwa miaka mingi. Waliokuwa wakipeleka korosho enzi zake wanamkumbuka amesimama pembeni ya mizani, kalamu sikioni, akisoma kilo kwa sauti ili mkulima naye asikie. Mkewe alishafariki. Binti zake wameolewa Masasi na Dar es Salaam. Yeye anaishi na mwanawe wa kiume, mkamwana, na wajukuu watatu wadogo.

Mwezi Juni alipata kiharusi. Upande wa kulia ulilegea, mkono kuliko mguu, na maneno yakawa mazito kutoka. Mambo haya mawili mara nyingi huja pamoja, kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio huohuo unaobeba lugha. Alilazwa, akatoka akiwa anaweza kukaa mwenyewe, kusimama akishikwa, na kupiga hatua chache kwa bakora. Alipewa vidonge vya presha vya kumeza kila siku, kimojawapo kile kinachopunguza maji mwilini kwa kukojoza. Na alielewa kila alichoambiwa. Nalisisitiza hili kwa sababu mtu anayetafuta maneno huchukuliwa haraka kuwa amepoteza na akili. Kwa mzee huyu kilichoharibika ni njia ya kutolea maneno tu.

Kumtunza kukaangukia kwa mkamwana. Hakuna aliyekaa kikao kuamua hivyo. Mwana alikuwa shambani akipuliza salfa, dawa ya mikorosho, halafu zikaja shughuli za kuokota na kupeleka magunia ghalani, akawa anarudi usiku; mkamwana alikuwepo nyumbani, basi ikawa kazi yake. Na aliifanya vizuri kuliko wodi nyingi nilizoziona. Shuka safi, chumba hakina harufu, mgongo na makalio ya mzee havina hata kidonda kimoja. Aliyewahi kumuuguza mtu wa kiharusi anajua hiyo maana yake nini: kumgeuza kila baada ya saa mbili awapo kitandani, usiku na mchana, kumkausha kila akilowa, na yote hayo yeye aliyafanya akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Nayasema mapema kwa sababu kisa hiki kikisimuliwa harakaharaka lawama humwangukia yeye, na hastahili hata chembe.

Maji

Kuanzia Oktoba mzee alianza kupunguza kunywa. Kikombe cha asubuhi anakunywa nusu, cha mchana anakisukuma pembeni, uji anaonja tu. Familia ilikuwa na maelezo yake, na kwa mtu wa Tandahimba yanaingia akilini. Juu huku kwenye uwanda wa Makonde maji ni shida ya miaka nenda rudi. Kiangazi watu wananunua kwa dumu, na wazee waliokua wakiwaona mama zao wakishuka mabondeni kuchota wamezoea kuyahurumia. "Babu anaonea maji huruma," walisema. Wakamwonyesha pipa limejaa. Hakunywa.

Vidonge alipewa kila siku. Baadaye tulipogeuza godoro tulikuta rundo la vidonge vya aina moja tu, vile vya kukojoza. Vingine vyote alikuwa anameza. Mtu aliyepotewa na akili hachambui hivyo kidonge kwa kidonge.

Lakini wakati huo hakuna aliyegeuza godoro. Joto la Novemba likaja, maji mwilini hayapo, mkojo ukawa mchache na mzito, kisha yakaingia maambukizi ya njia ya mkojo. Mzee akipungukiwa maji au akipata maambukizi ya namna hiyo, dalili ya kwanza inaweza isiwe homa wala maumivu, ikawa ni kuchanganyikiwa. Ugonjwa wa kusahau wa uzeeni huja kidogokidogo, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa na akili zake wiki iliyopita, leo anaongea na marehemu, huyo ni mgonjwa wa dharura. Atazamwe maji, maambukizi, sukari, dawa anazotumia, choo kilichofunga, mkojo uliozuilika. Kumwacha nyumbani kwa kusema "ni uzee" ni kumwacha afe.

Alipelekwa hospitali. Alipitishwa dirisha la wazee bila kupanga foleni, jambo jema ambalo limetokana na miaka ya kuhimizana "Mzee Kwanza" tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Akawekewa dripu na dawa za kuua vijidudu, na baada ya siku chache akawa anawatambua watu wote.

Huko wodini lilitokea jambo ambalo mkamwana alinisimulia akiwa ameinamisha kichwa. Mzee alibadilishwa nguo mchana kweupe, pazia halikuvutwa, ndugu wa wagonjwa wengine wakipita na vyombo vya chakula. Alipovuta shuka kwa mkono wake mmoja uliobaki mzima, aliyekuwa akimhudumia akamwambia kwa upole kabisa: "Babu usione haya, sisi tumeshazoea." Nina uhakika hakukusudia ubaya. Kauli hiyo nimeisikia katika wodi nyingi na imeniuma kila mara, kwa sababu aliyezoea ni sisi. Yeye hajazoea, na hakuna sababu ya kumtaka azoee. Kuvuta pazia ni jambo la sekunde tano. Kama pazia hakuna, ndugu wawili wanashika kanga pande mbili na kazi inafanyika.

Jibu lilivyopatikana

Nilipomtembelea baada ya kurudi nyumbani alikuwa ameanza tena kuyakataa maji. Nikaomba tubaki wawili. Nilimpa shikamoo yake, nikavuta kigoda nikakaa, macho yangu yawe chini kidogo ya yake. Nikamuuliza maswali ya ndiyo au hapana, moja baada ya jingine, na kila moja nikalisubiri. Kusubiri huku si kazi ndogo. Watu wa nyumbani walikuwa wakimmalizia sentensi zake, kwa mapenzi, mpaka akaacha kuzianza.

Koo linauma? Akatikisa kichwa. Maji yana ladha mbaya? Akatikisa kichwa. Mkojo bado unauma? Hapana. Unaogopa kwenda haja? Hapo alinyamaza, akaniangalia. Nikauliza tena: ukishamaliza haja, nani anakusafisha? Akageuza macho kuelekea mlangoni, uani kulikokuwa kunasikika mtu anapepeta. Kisha akauinua upande wa shuka kwa mkono wa kushoto akajifunika uso, na likatoka neno moja: "Mkwe."

Kwetu baba mkwe na mkamwana wanastahiana. Nyumba nyingine hawali pamoja, hawakai mkeka mmoja, akipita huyu yule anajitenga. Mzee ameulinda mpaka huo maisha yake yote, na sasa mke wa mwanawe anamvua nguo mara nne tano kwa siku. Kila kikombe cha maji kilikuwa kinamletea kuvuliwa tena. Akapiga hesabu aliyoiweza yeye kama karani: yakiingia machache, yatatoka machache. Na kidonge cha kukojoza akakitafutia pa kukiweka.

Nilimkuta mkamwana uani nikamweleza kwa sauti ya chini. Alilia. "Dada, mimi nilikuwa nafumba macho," alisema. "Namfuta nimefumba macho, na yeye kafumba ya kwake." Miezi yote hiyo watu wawili wanaoheshimiana sana walikuwa wakiumia katika chumba kimoja, kila mmoja akimstahi mwenzake kwa kunyamaza.

Kikao

Kwa Wamakonde ukoo hufuatwa upande wa mama, kwa hiyo ilibidi waitwe wapwa zake mzee, siyo mwana peke yake. Niliomba jambo moja: mzee awepo, akae kwenye kiti katikati ya watu, wala asiachwe chumbani akisikiliza sauti za watu wanaomjadili. Nimeona vikao vingi vya kuamua mambo ya mzee ambamo mzee mwenyewe hayumo, na karibu vyote huishia kumpangia kazi mwanamke ambaye hakufungua mdomo.

Mwana alianza kwa kusema alichoamini: kuuguza na kuogesha ni kazi za wanawake, yeye anatafuta pesa. Mpwa mmoja akamuunga mkono kwa methali kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye. Methali hiyo ni ya kweli, ila inamtazama mbebaji tu. Anayebebwa naye ana lake la kusema.

Aliyegeuza kikao ni mpwa mkubwa, mtu wa makamo, mwenye kushika dini. Aliuliza: "Mjomba akifa leo, wataingia kina nani kumwosha?" Wakajibu, wanaume. "Basi mwili wake tutauheshimu akishakufa, tutaweka wanaume na kumsitiri kwa shuka. Leo yu hai, anaona na anasikia, tunamwachia mkamwana?" Hakuna aliyejibu. Mzee aliinua mkono wa kushoto akauweka gotini kwa mpwa wake.

Kwa hiyo ikapangwa. Mjukuu wa kiume, mtoto wa binti wa Masasi, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza mtihani wa kidato cha nne. Aje akae na babu. Mwana achukue alfajiri kabla ya kutoka, na usiku akirudi. Mkamwana abaki na chakula, dawa na nguo, kazi ambazo mzee alikubali kwa kutikisa kichwa mara mbili.

Uchaguzi wa mjukuu ulikuwa wa busara kuliko unavyoonekana. Babu na mjukuu ni watani. Siku ya kwanza kijana alimwinua akisema, "Haya mume mwenzangu, bibi angekuona leo angenichagua mimi," na mzee akacheka, mara ya kwanza tangu Juni. Maneno hayohayo yakitoka kwangu mimi muuguzi ni matusi. Yakitoka kwa mkamwana ni balaa. Kijana anaweza kumvua babu yake na kumvika, mzaha ukafunika haya, kwa sababu uhusiano wao una nafasi hiyo tangu kijana akiwa mtoto. Mafunzo tunayopewa kazini yanasisitiza sana sauti ya upole na maneno mazuri. Ni sawa, lakini sauti ya upole haikumsaidia mzee huyu kitu. Kilichomsaidia ni kubadilisha mtu.

Vitu vilivyobadilika

Fundi seremala alichukua kiti cha zamani chenye mikono, akakitoboa tundu la kukalia, chini ikawekwa ndoo yenye mfuniko. Kikawekwa pembeni ya kitanda, kikazungushiwa pazia la kitenge. Pampasi zikabaki za usiku peke yake. Anakalishwa akiamka, baada ya kula, na kila baada ya saa mbili au tatu, kabla hajabanwa, maana mguu wake hauwezi tena kukimbizana na kibofu. Na kwa mkojo peke yake akapewa chupa ya kukojolea ya mdomo mpana, anaishika mwenyewe kwa kushoto, anaifunika, anaiweka chini. Chupa hiyo ya bei ndogo ilimrudishia zaidi kuliko chochote tulichofanya, kwa sababu hapo hahitaji mtu kabisa.

Daktari alipoelezwa habari ya vidonge chini ya godoro alimbadilishia dawa. Maji ananywa mengi kuanzia asubuhi hadi alasiri, jumla yapata lita moja na nusu kwa siku, kwa kuwa moyo na figo zake havina zuio. Jioni anapunguza ili alale. Mabibo, matunda ya mkorosho, yalikuwa yamejaa mashambani, akawa anakamuliwa juisi yake.

Kuoga, kijana anamwagia maji na kumsugua mgongo akiwa amejifunga msuli, kisha mzee anapewa sabuni anajisafisha mwenyewe sehemu za siri huku kijana amegeuka. Inachukua muda mrefu. Acha ichukue. Kumvika, mkono uliolegea unaingia kwanza, kumvua unatoka mwisho. Hapo havutwi wala haumizwi bega.

Chakula kilikuwa na haya yake pia. Mkono wa kulia haufanyi kazi, na wa kushoto ndio wa kutawazia, kwa hiyo tangu augue hakukubali kula na wanaume kwenye sinia, na nyumbani wakamchukulia kuwa anapenda kula peke yake. Mpwa mkubwa alimletea kijiko na sahani yake, akaiweka sahani hiyo pembeni ya sinia, wakaanza kula bila maelezo. Anaketi wima, na baada ya kula hakimbilii kulala, ili chakula kisimpalie.

Halafu swala. Mzee alikuwa ameacha kuswali kwa kuamini kwamba mtu anayevuja mkojo hana tohara. Shehe wa msikiti wao alikuja kumweleza kwamba mwenye udhuru wa kudumu hutawadha kila wakati wa swala unapoingia, akaswali hata kama kitatoka kitu, na asiyeweza kusimama huswali amekaa. Mimi ningesema hayo mara kumi yasingekuwa na uzito. Ijumaa anapelekwa kwa bajaji, msikitini amewekewa kiti.

Picha na pesa

Katika kipindi alicholazwa, kijana mmoja wa ukoo alimpiga picha akiwa amelala mdomo wazi, kifua wazi, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ili michango ije. Ilikuja. Picha nayo ikasambaa mpaka kwa watu waliokuwa wakimpelekea korosho zao. Ibara ya 12 ya Katiba yetu inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake, na sioni kwa nini hitaji la dripu liifute. Mchango unaombwa kwa maneno. Picha ikilazimu, aulizwe, avikwe, akae. Mzee alipoonyeshwa ile picha aliomba ifutwe, na wengi wa kundini waliifuta.

Jambo la pesa lilikuwa gumu zaidi, na nadhani ndilo wengi tunaliruka kwa kuwa halina uhusiano na sabuni wala kitanda. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani mkulima anazipeleka ghalani, anapewa stakabadhi, kisha zinauzwa kwa mnada, na malipo ya mkulima yanapita benki, kwa jina lake. Mikorosho ni ya mzee, akaunti ni ya mzee. Msimu huu mwana alipeleka magunia, akafuatilia malipo, akazitumia pesa kwa mambo ya nyumbani, mengi ya kumtunza mzee mwenyewe. Hakuiba. Ila hakumwambia baba yake kilo wala bei ya mnada, mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa kilo na bei. Ndiyo ile mizani aliyokuwa akiitafuta usiku. Siku hizi mwana akirudi anamsomea karatasi, na mzee anashika kalamu kwa kushoto anaandika tarakimu, zimepinda lakini zinasomeka. Mnada mmoja aligundua kilo zilizoandikwa pungufu, zikarekebishwa.

Ilivyo sasa

Presha imetulia, maji anakunywa, hajachanganyikiwa tena. Maneno yanarudi polepole. Mkamwana anampelekea chai asubuhi, anapiga hodi, anasalimia akiwa mlangoni na mzee anaitikia marahaba. Yeye mwenyewe amenenepa kidogo na analala. Kwenye zamu za usiku bado kuna matatizo. Mwana huchoka, mara mbili tatu mzee amelowa mpaka asubuhi kwa kutotaka kumwamsha, na tumemwekea kengele ndogo ya baiskeli kwenye fremu ya kitanda. Julai mjukuu ataondoka kwenda kidato cha tano akichaguliwa. Nilimuuliza mzee angependa nani ashike nafasi hiyo. Alichukua muda, nikasubiri, akamnyooshea mwanawe bakora na kusema, "Wewe. Asubuhi. Jioni." Mwana ameshaanza kujifunza kumwinua kutoka kitini bila kumvuta mkono wa kulia.